Fiorello La Guardia: Ua Dogo Lililolitikisa Jiji

Wako watu ambao majina yao tunayajua lakini wenyewe hatuwajui. La Guardia ni mmoja wao. Mtajie mtu jina hilo naye atakwambia ni uwanja wa ndege kule New York, Marekani. Basi, hapo amemaliza. Kumbe kabla ya kuwa la uwanja lilikuwa jina la mtu, tena mtu mfupi wa futi 5 na inchi 2, mnene kiasi, mwenye sauti nyembamba iliyopanda juu kila alipokasirika. Na hasira zake hazikuwa haba! Mtu huyu aligombea uongozi wa jiji kubwa kuliko yote nchini mwake akiwa na ahadi moja hasa, kwamba pesa za umma zitahesabiwa mbele ya umma. Akashindwa. Akagombea tena, akashindwa vibaya zaidi. Akarudi mara ya tatu.

Nimeamua kuyasimulia maisha yake kwa sababu wengi wetu tutafikisha miaka 18 muda si mrefu, tuchukue vitambulisho na kupiga kura. Nasi tumekwisha kusikia, shuleni na mitaani, kwamba siasa ni mchezo mchafu na kwamba mtu safi akiingia ama atachafuka ama atatoka mikono mitupu. Hebu tuupime usemi huo kwa maisha ya mtu mmoja.

Fiorello La Guardia alizaliwa New York tarehe 11 Desemba 1882. Jina Fiorello kwa Kiitaliano maana yake ni ua dogo, na watu wa jiji walimwita hivyo mpaka alipokufa. Babake, Achille, alikuwa mwanamuziki kutoka Italia. Mamake, Irene, alikuwa Myahudi kutoka Trieste. Achille aliandikwa kazi katika jeshi la Marekani, akiongoza bendi ya askari, kwa hiyo mtoto hakukulia New York bali kambini, hasa huko Prescott, Arizona, nchi ya jua kali na vumbi. Huko aliona jambo ambalo hakulisahau. Aliona maofisa waliopewa kazi kwa sababu ya siasa wakiwapunja Wahindi Wekundu chakula walichotengewa na serikali, huku wao wenyewe wakinenepa.

Kisha ufisadi ukaingia nyumbani kwao. Mwaka wa 1898 Marekani ilipigana na Uhispania, na kikosi cha Achille kikaitwa. Kabla hajavuka bahari aliugua. Fiorello aliamini maisha yake yote kwamba babake alidhuriwa na nyama iliyooza, ambayo wafanyabiashara wenye kandarasi waliwauzia wanajeshi. Kashfa ya nyama hiyo ilivuma nchi nzima. Achille aliachishwa jeshi na hakupata nafuu ya kweli, akafariki mwaka wa 1904. Tafakari, msomaji. Sisi tukisikia neno kandarasi tunafikiria makaratasi na mihuri ya ofisini. Kwa kijana huyu kandarasi mbovu ilikuwa na sura ya baba mgonjwa kitandani.

Familia ilihamia Ulaya kwa jamaa za mama, na Fiorello akapata kazi katika ofisi za ubalozi mdogo wa Marekani, kwanza Budapest, baadaye Fiume, mji wa bandari. Alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu tu. Maelfu ya maskini walikuwa wakipanda meli Fiume kwenda Marekani kutafuta maisha. Desturi ilikuwa wakaguliwe afya wakishafika. Aliyepatikana na ugonjwa alirudishwa, hata kama alikuwa ameuza shamba lake kulipa nauli. La Guardia alishikilia kwamba daktari awakague kabla hawajapanda meli. Kampuni za meli zilichukia na wakubwa wake walinung'unika, lakini hakulegea. Aliacha kazi hiyo mwaka wa 1906 akarudi New York.

Huko alifanya kazi ya ukalimani katika kisiwa cha Ellis, mahali walipopokelewa wahamiaji, kuanzia 1907 hadi 1910. Mchana alitafsiri Kiitaliano, Kijerumani na Kikroatia, na jioni alikwenda chuo kikuu kusomea sheria. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili hatuna budi kulizingatia jambo hili: lugha ndizo zilizomlisha, na baadaye lugha zizo hizo, pamoja na Kiyidi aliyokuwa akiijua, zilimpa kura. Alipohitimu sheria mwaka wa 1910 aliwatetea washona nguo waliogoma kwa sababu ya mishahara duni, tena mara nyingi bila kudai ada.

Sasa, ili tuelewe alikuwa akipambana na nini, lazima tulijue zimwi lenyewe. Liliitwa Tammany Hall. Hili lilikuwa kundi lililokishika Chama cha Democratic katika Manhattan kwa miaka mingi. Kila mtaa ulikuwa na mzee wake wa Tammany. Ukikosa makaa wakati wa baridi alikuletea. Mwanao akikamatwa alizungumza na hakimu. Ukitaka kazi ya kufagia barabara alikupa barua. Krismasi alikuja na kitoweo. Yeye alitaka kitu kimoja tu, kura yako. Kwa maskini mgeni asiyejua hata Kiingereza, msaada huo haukuwa mchezo. Ndiyo maana siwacheki waliokipigia kundi hilo kura. Mkono mtupu haulambwi, na Tammany haikuja mkono mtupu.

Lakini makaa yale yalinunuliwa na nani? Hapo ndipo penye ujanja. Yalitoka katika mifuko ya wananchi wenyewe. Kandarasi za barabara na majengo zilipandishwa bei, ziada ikarudi kwa wakubwa wa kundi. Vyeo viliuzwa. Polisi walifumba macho kwenye kamari. Mwananchi alipewa gunia moja la makaa huku kumi yakichukuliwa mlango wa nyuma, naye akasema asante.

La Guardia alijiunga na Republican, si kwa kuwapenda matajiri wa chama hicho, bali kwa sababu ndicho kilichokuwa upande wa pili wa Tammany. Mwaka wa 1914 aligombea ubunge wa Marekani katika eneo ambalo hakuna mwenzake aliyetaka kupoteza muda. Akashindwa. Mwaka wa 1916 akarudi na kushinda kwa kura chache. Marekani ilipoingia vitani mwaka wa 1917, alipiga kura ya kuunga mkono vita, kisha akajiandikisha mwenyewe jeshini na kuwa rubani. Alipelekwa Foggia, Italia, mkoa alikotoka babake.

Mwaka wa 1919 ndipo alipoingia katika serikali ya jiji. Mwenyekiti wa Baraza la Madiwani, Al Smith, alikuwa amechaguliwa gavana, kwa hiyo kiti kikawa wazi. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, La Guardia akakinyakua kwa kura chache mno. Nieleze kidogo hapa. Baraza la Madiwani la New York lilifanana na mabaraza ya miji tuliyokuwa nayo hapa Kenya kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka wa 2013, ambapo sasa tuna wawakilishi wa wadi. Lakini nguvu kubwa zaidi ilikuwa katika Bodi ya Makadirio, iliyopitisha bajeti na kandarasi. Meya alikuwa na kura 3 katika bodi hiyo, mhasibu mkuu wa jiji kura 3, na mwenyekiti wa madiwani naye kura 3. Kwa hivyo mtu mmoja mbishi, akikaa pale na kusoma kila karatasi, angeweza kuwanyima wengine usingizi.

Na La Guardia alikuwa mbishi kwelikweli! Aliuliza bei ya hiki na sababu ya kile. Aligombana na mhasibu mkuu hadharani hadi magazeti yakapata habari za kuuza kila wiki. Kampuni za treni za chini ya ardhi zilitaka kupandisha nauli kutoka senti 5, yeye akapinga kwa sababu mfanyakazi aliyepanda treni kila siku ndiye angeumia. Alipinga hata gavana wa chama chake mwenyewe, Nathan Miller, aliyetaka kulinyang'anya jiji uwezo wa kuamua juu ya treni hizo. Hapo wazee wa Republican wakamtia alama. Mwaka wa 1921 alipotaka tiketi ya umeya walimnyima, na katika mchujo akaangushwa vibaya.

Mwaka huo ulikuwa wa msiba juu ya msiba. Bintiye wa pekee, Fioretta, alikufa kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mkewe, Thea, aliyemwoa mwaka wa 1919, aliugua kifua kikuu, akafa mwezi wa Novemba. Hivyo ndani ya mwaka mmoja mtu huyu alipoteza mtoto, mke na kiti. Angeliacha siasa wakati huo, nani angemlaumu?

Hakuacha. Mwaka wa 1922 alichaguliwa tena Bungeni, mara hii kutoka East Harlem, mtaa wa maskini wahamiaji, akakaa huko miaka 10. Alikuwa mbunge wa vituko. Siku moja, akizungumzia bei ya nyama, alichomoa kipande cha nyama mfukoni mwake mbele ya wabunge ili waone mwananchi anapata nini kwa pesa zake. Lakini alifanya pia mambo mazito. Mwaka wa 1932 yeye na Seneta George Norris walipitisha sheria inayobeba majina yao wawili, iliyokataza waajiri kuwalazimisha wafanyakazi waape kwamba hawatajiunga na chama cha kutetea haki zao.

Turudi kwenye jiji. Mwaka wa 1929 aligombea umeya dhidi ya Jimmy Walker. Lo! Walker alikuwa mtu wa kupendeza. Alivaa vizuri, aliimba, alitania, alichelewa kazini na watu wakacheka tu. Pesa zilikuwa nyingi mjini, na nani ana haja ya mahesabu wakati wa karamu? La Guardia alizunguka akipiga kelele kuhusu wizi. Alitoa hata ushahidi mmoja mzito, kwamba hakimu mmoja, Albert Vitale, alikuwa amekopeshwa dola 19,940 na Arnold Rothstein, mfalme wa kamari aliyepigwa risasi mwaka wa 1928. Hakimu anakopa kwa jambazi! Wapiga kura walisikia, wakatikisa vichwa, kisha wakampigia Walker. Walker alipata zaidi ya kura 860,000, La Guardia takriban 367,000. Hakushinda hata wilaya moja ya uchaguzi katika jiji zima.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Alisema kweli, na kweli hiyo haikumsaidia kitu siku ya kura. Tunapenda kuambiwa kwamba ukweli hushinda. Waama hushinda, lakini una mwendo wa kobe, na anayeusema lazima awe tayari kuonekana mjinga kwa muda.

Wiki chache baada ya uchaguzi kweli ikaanza kutoka. Mwezi wa Desemba 1929 hakimu yuleyule Vitale alikuwa katika karamu ya heshima yake, majambazi wakaingia wakawapora wageni. Mali zikarudishwa baada ya saa chache, kwa sababu Vitale aliwajua wa kuwauliza! Mwaka wa 1930 alifukuzwa kazi, na ukafunguliwa uchunguzi wa mahakama ukiongozwa na jaji mstaafu Samuel Seabury. Ilionekana kwamba wanawake wasio na hatia walikuwa wakikamatwa kwa mashtaka ya uongo ili watoe pesa. Uchunguzi ukapanuliwa hadi jiji zima. Sherifu Thomas Farley aliulizwa alivyoweka benki zaidi ya dola 350,000 kwa miaka takriban 6, ilhali mishahara yake ya muda huo haikufika hata nusu ya pesa hizo. Akajibu eti zilitoka katika kisanduku cha bati kilichokuwa nyumbani. Jiji likacheka mpaka machozi, kisha likakumbuka pesa zenyewe zilikuwa za nani, kicheko kikaisha. Meya Walker naye alipatikana amepokea takriban dola 246,000 kutoka kwa akaunti ya hisa ambayo hakuwa ametia hata senti yake moja. Tarehe 1 Septemba 1932 alijiuzulu, akapanda meli kwenda Ulaya. Za mwizi ni arobaini.

Wakati huo karamu ilikuwa imekwisha. Soko la hisa lilianguka mwishoni mwa 1929, watu wakapoteza kazi, na jiji likabakia na madeni kiasi cha kuwapigia mabenki magoti. La Guardia mwenyewe alikuwa amepoteza kiti cha Bunge mwaka wa 1932. Hakuwa na cheo chochote. Lakini mwaka wa 1933 Republican na kundi la Fusion, yaani muungano wa watu wa vyama mbalimbali waliochoshwa na wizi, walitafuta mgombea. Seabury mwenyewe alisisitiza kwamba awe La Guardia, mtu aliyesema mapema wakati kusema hakukuwa na faida. Wapinzani wake wawili, McKee na O'Brien, wote walikuwa Democratic, wakagawana kura. La Guardia akashinda kwa asilimia 40 hivi. Aliapishwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1934, nyumbani kwa Seabury. Alikuwa na miaka 51.

Je, alitimiza ahadi? Kwanza alianza na mahesabu. Alipunguza matumizi, akaondoa vyeo vya bure, akasawazisha bajeti. Kazi za jiji ambazo zamani zilitaka barua ya mzee wa mtaa, nyingi zaidi sasa zilitaka mtihani. Hebu fikiria, mtoto wa fundi viatu asiyemjua mkubwa yeyote akakaa chini na kalamu yake, akapita, akaajiriwa! Pia aliipa nguvu ofisi ya Kamishna wa Mahesabu. Ofisi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1873 baada ya wizi wa Boss Tweed, kiongozi wa Tammany, kugunduliwa, lakini kwa miaka mingi ilikuwa kama mbwa asiye na meno. Chini ya La Guardia ikaanza kuwachunguza watumishi wa jiji, na ingalipo hadi leo kwa jina la Idara ya Uchunguzi.

Mengine aliyafanya kwa vishindo kama kawaida yake. Mwaka wa 1934 alishika nyundo kubwa akazivunja mashine za kamari mbele ya wapiga picha, zikatupwa baharini. Mwaka wa 1935 kulikuwa na jambazi, Ciro Terranova, aliyekuwa amehodhi biashara ya artichoki, mboga inayopendwa na Waitaliano, hata bei ikawa ghali kupindukia. Alfajiri moja ya Desemba, meya alifika sokoni Bronx na wapiga tarumbeta, akasoma amri ya kupiga marufuku uuzaji wa mboga hiyo mjini! Siku tatu tu zikatosha. Genge likavunjika, bei ikashuka, marufuku ikaondolewa. Wengine walimwona kichekesho. Mimi naona alijua jambo moja. Mwananchi haelewi mara moja hasara ya ukiritimba ukimwandikia ripoti ya kurasa 300, lakini bei ya mboga anaielewa.

Hata hivyo, nyundo na tarumbeta hazikuwa kazi yake kubwa. Kazi kubwa, kwa maoni yangu, ni katiba mpya ya jiji iliyopitishwa kwa kura ya maoni mwaka wa 1936 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1938. Lile Baraza la Madiwani, ambalo Tammany na wenzao walikuwa wakichukua karibu viti vyote hata pale ambapo theluthi nzima ya wapiga kura iliwakataa, lilivunjwa. Mahali pake likaja Baraza la Jiji lililochaguliwa kwa uwiano wa kura, yaani kila kundi lilipata viti kadiri ya kura zake. Kwa mara ya kwanza kukawa na wapinzani wa kutosha wa kuuliza maswali. Kwa njia hiyo, mwaka wa 1941 Adam Clayton Powell Mdogo alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza hilo. Vyama vikubwa havikuupenda utaratibu huo, na mwaka wa 1947 ukafutwa kwa kura ya maoni.

Na jiji likajengeka. Rais Roosevelt alikuwa akitafuta pahali pa kupeleka pesa za kuwapa watu kazi, na New York ilikuwa na michoro tayari na meya asiyekula. Mwaka wa 1936 lilifunguliwa daraja la Triborough, na kiangazi hichohicho vidimbwi 11 vya kuogelea kwa ajili ya watu wa mitaani. Nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini zilianza mwaka wa 1935. Mwaka wa 1940 jiji lilizinunua zile kampuni za treni, na nauli ilibaki senti 5 muda wote wa utawala wake. Kuhusu uwanja wa ndege, kisa chake kinachekesha. Mwaka wa 1934 ndege yake ilitua Newark, katika jimbo jirani. Akakataa kushuka, kwa kuwa tiketi yake iliandikwa New York! Ikabidi arushwe mpaka Brooklyn. Mwaka wa 1939 uwanja mpya ulifunguliwa Queens, nao ndio unaoitwa kwa jina lake. Alichaguliwa tena 1937 na 1941, kipindi baada ya kipindi, jambo ambalo hakuna meya mpinga ufisadi aliyekuwa amelipata New York kabla yake.

Lakini sitaki kumpaka mafuta mtu kwa mgongo wa chupa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. La Guardia aliwafokea wasaidizi wake kama watoto, na aliyefanya kosa alizawadiwa mfupa wa kondoo ili aaibike. Kubwa zaidi ni lile la Harlem. Mwezi wa Machi 1935 ghasia zilizuka katika mtaa huo wa watu weusi. Meya aliunda tume, weusi kwa weupe. Tume ikasikiliza wananchi, ikaandika wazi kwamba chanzo ni ubaguzi katika kazi, nyumba, hospitali na shule, pamoja na ukatili wa polisi. Polisi hao walikuwa wa serikali yake mwenyewe. La Guardia hakuitoa ripoti hiyo. Ni gazeti la watu weusi, Amsterdam News, lililoichapisha mwaka wa 1936.

Msomaji, mimi jambo hili lilinisumbua kuliko yote niliyosoma juu yake. Mtu aliyepanda ngazi kwa kudai vitabu vya wengine vifunguliwe alipoletewa kitabu chake akakiweka kabatini. Ni kweli alijenga zahanati na nyumba Harlem, na aliwaajiri weusi waliokuwa wakifungiwa milango. Ni kweli pia kwamba ghasia zilirudi mwaka wa 1943, na kwamba mwaka huohuo aliidhinisha mradi mkubwa wa nyumba wa Stuyvesant Town ambao mwenye kuujenga hakutaka wapangaji weusi. Nyani haoni kundule. Ndipo nikaelewa kwa nini ile katiba na lile gazeti vina thamani kuliko wema wa meya. Wema wa mtu una siku zake. Uwajibikaji unaotegemea roho nzuri ya mkubwa mmoja ni kama taa ya kuazima, mwenyewe akiitaka unabaki gizani.

Mwaka wa 1945 hakugombea tena. Ni mwaka huo wasambazaji wa magazeti walipogoma, naye akaingia redioni kuwasomea watoto vibonzo vyao ili wasikose hadithi. Mwaka wa 1946 aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la kuwasaidia walioharibiwa na vita. Dadake, Gemma, alikuwa amefungwa na Wanazi katika kambi ya Ravensbrück, na mumewe Gemma aliuawa. Gemma alinusurika, akawa mmoja wa mamilioni ya watu wasio na makao waliotaka kibali cha kwenda Marekani. La Guardia alimtumia pesa zake mwenyewe, lakini hakumpitisha mbele ya wengine kwenye foleni. Gemma alifika New York mwaka wa 1947. Miezi michache baadaye, tarehe 20 Septemba 1947, nduguye alifariki kwa saratani ya kongosho akiwa na miaka 64.

Alikuwa ameshika bajeti ya jiji kubwa la Marekani kwa miaka 12. Urithi alioacha kwa mkewe wa pili, Marie, na watoto wao wawili wa kulea ulikuwa nyumba Bronx iliyokuwa bado na deni la benki, na hati za dhamana za serikali zenye thamani ya dola 8,000. Ukumbuke kisanduku cha bati cha Sherifu Farley.

Je, mtu safi anaweza kushinda siasa? Maisha haya yananijibu kwamba anaweza, ila atashindwa kwanza, pengine mara mbili, na huenda asiungwe mkono hata na wale anaowatetea. Nayo yananiambia sisi wapiga kura wa kesho kwamba kazi si yake peke yake. Watu wa New York waliambiwa kweli mwaka wa 1929 wakaiamini mwaka wa 1933, baada ya miaka minne na hasara isiyohesabika. Shime wenzangu, tutakapofika kwenye debe, tuulize mapema gunia la makaa limenunuliwa kwa pesa za nani. Na tukimpata mwema, tumshukuru, kisha tumwombe vitabu vya hesabu.